Fimbo ya Bibi na Mkono wa Kulia

Ko, ko, ko. Ndivyo fimbo ilivyolia kwenye sakafu ya hospitali wiki iliyopita, nilipomsindikiza mama kupima goti. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa anamfundisha mzee mmoja kutembea. "Goti bovu ni la kulia, basi fimbo ikae kushoto, fimbo na mguu huo vitangulie pamoja. Ukiishika upande wa goti bovu, mzigo unalirudia lenyewe."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri, kwa swali moja: je, mimi ndiye niliyemharibia bibi mguu?

Naomba niwasimulie, msinicheke. Nilikuwa na miaka minane, likizo, msimu wa korosho, kwa bibi mzaa mama kule Milola. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kusagika. Kila alipochuchumaa lilialika kama kuni kavu, nami nikaziba masikio. Njiani kwenda kuokota korosho nilimfuata nyuma nikisoma nyayo zake mchangani. Wa kushoto ulizama mzima, wa kulia uligusa tu na kuburuzika. Kitundu cha fimbo kilikuwa upande wa kushoto. Hakuna aliyemfundisha, mwili wake ulijichagulia.

Lakini mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza madrasa, nimejaa mafundisho: kula kwa kulia, kupokea kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Nikaingiwa na hofu kwamba ndiyo maana haponi.

"Bibi, mkono wa chooni huo!"

"Mke mwenzangu, kwani fimbo nailamba?"

"Baraka iko kulia, bibi. Utakuja kushindwa kutembea kabisa!"

Nikaangua kilio. Bibi akanitazama, akaguna, akahamisha fimbo. Kila aliposahau nilimkumbusha, likizo ile na zilizofuata. Kitundu kikahamia kulia, na mwili wake ukaanza kulalia upande ule ule unaouma. Niliona. Nikadhani ugonjwa umezidi, nikamsomea dua zote nilizohifadhi, mbili na nusu.

Sasa nina shahada, na bibi hatoki uani. Chooni anafika kwa fimbo na kushika ukuta. Mtaalamu nilimrudia peke yangu, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kana kwamba ni bibi wa jirani. Akasema fimbo haikuleta ugonjwa, ila ingeshikwa kushoto ingempunguzia mzigo miaka yote hiyo. Na bado ingefaa. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake nikaanza kuwaza: nikimwambia akanichukia? Nisipomwambia akaanguka?

Jumamosi nikaondoka nyumbani kwangu Rasbura alfajiri kwenda Milola. Nilimkuta bibi kibarazani anapepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Mbona umekonda hivyo, umeachwa?"

Nikamwambia yote pale pale, machozi yakinitoka. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Nilijua kushoto kunanifaa," akasema. "Ila ulilia sana siku ile."

Miaka yote nilidhani aliniamini. Kumbe alinihurumia tu.

Nikamwinua, nikaihamishia fimbo mkono wa kushoto. "Fimbo na mguu wa kulia, pamoja," nikasema. Tukashuka kibarazani, tukavuka ua, tukatoka nje ya uzio. Kwa jirani walipomwona wakapiga vigelegele, naye akawafokea wamuache, anahesabu hatua.