Kopo Moja Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa bunduki wala baruti. Msimamizi wa chumba cha kupakia risasi, mzee mfupi mwenye aproni ya kijani, alinipa kitambaa akaniambia nifute meza. Nikaifuta. Akainama kuitazama, akasema, "Tena, bab." Bab ndilo neno la wenyeji wa Birmingham la kumwita mtu kwa upendo, awe mtoto au bibi kizee. Nikafuta tena. Ndipo akachukua kopo moja la baruti kabatini, akaliweka katikati ya meza.

"Kopo moja mezani," alisema. "La pili likitua hapa, wewe unatoka. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Wenzangu wa umri wangu saa hiyo walikuwa darasani.

Baba alikuwa ametangulia, na mama akamfuata kabla hatujazoea kumkosa baba. Tulikuwa wanne, mimi mkubwa, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Small Heath, hatua chache kutoka barabara ya Coventry. Shangazi alikuja kutoka London akashauri tugawanywe kwa ndugu, na Idi, mdogo wetu wa mwisho, aende naye. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba haondoki mtu. "Utawalisha nini?" akaniuliza. Juma lililofuata niliacha shule nikaenda kuomba kazi kwa mafundi bunduki, nyuma ya katikati ya mji. Wanawake wa mji huu wamepakia risasi tangu enzi za bibi zao, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona msichana. Mtandio wangu ndio ulioulizwa. "Ukikaribia mashine uufunge nyuma," alisema msimamizi, na neno hilo halikurudiwa tena.

Ninyi mnaosoma mnaweza kudhani risasi ni kitu kimoja. Ni vitu vinne. Kuna ganda la shaba nyeupe, ambalo likishapigwa linaweza kusafishwa na kutumika tena. Kuna fataki, kidonge kidogo kitakoni mwa ganda, kinachowaka kikigongwa. Kuna baruti ndani. Na juu kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka na kumfikia kulungu. Vingine vyote hubaki kwako, sentimita chache kutoka shavuni. Msimamizi alipenda kunikumbusha hivyo: "Kulungu anapata kichwa tu. Hayo mengine yote tunampa mteja usoni."

Nilianza kwa kusafisha maganda, nikapandishwa kuweka fataki, na baada ya miaka nikaruhusiwa kugusa baruti. Baruti hutofautiana kwa mwendo wa kuungua. Ya haraka huungua yote mara moja, nayo inafaa bastola. Ya taratibu huendelea kusukuma kichwa mtutu mzima, nayo ndiyo inayofaa bunduki ya kulungu, yenye ganda kubwa na mtutu mrefu. Ukiweka ya haraka mahali pa ya taratibu, bunduki hupasuka mikononi mwa mwenyewe. Na kwa macho zote ni punje za kijivu zinazofanana. Ukizimwaga mkononi huwezi kuzijua, nami sikuwahi kukutana na fundi aliyeweza. Jina la baruti liko kwenye kopo lake, na likitoka kwenye kopo jina limepotea. Ndiyo maana ya kopo moja mezani.

Msimamizi alinifundisha pia kupenda baruti inayokaribia kujaza ganda. Inayochukua nusu tu inakuachia nafasi ya kumimina mara mbili bila kujua. Alinifundisha kutafuta isiyobadilika tabia asubuhi ya baridi kali, kwa sababu wawindaji wa kulungu hawachagui hali ya hewa. Na hata nilipoipata iliyo nzuri, kuanza na kipimo cha chini kilichoandikwa na walioitengeneza, nipande kidogo kidogo, nikitazama kila ganda lililopigwa kama ninamtazama mtoto mwenye homa.

Msimamizi alipostaafu, chumba kikawa changu. Wadogo zangu walikuwa wameshakua. Wawili wakaoa, wakahamia Great Barr, pembeni ya mji. Idi, ambaye shangazi alitaka kumchukua, akapenda misitu. Sijui alikitoa wapi kipaji hicho, kwetu hakuna aliyewahi kuwinda. Akapata cheti cha polisi cha kumiliki bunduki, akawa analipwa na wenye mashamba kupunguza kulungu wanaokula miche. Nyama nyingine aliileta mtaani. Jirani mmoja alimsimamisha mlangoni: "Wewe, huyu ulimsomea bismillahi kabla ya kufyatua?" Idi akajibu, "Mimi nilisoma, na Dada alisoma alipokuwa anapakia. Huyu kulungu kasomewa kuliko wewe."

Tulicheka. Lakini tangu Idi alipoanza kutumia risasi za meza yangu, kazi ilibadilika uzito. Mtoto niliyekataa kumtoa nyumbani sasa aliweka shavu lake nyuma ya kitu nilichokipakia mimi.

Miaka ya karibuni wenye misitu walianza kuvikataa vichwa vya zamani vyenye kiini cha risasi, ile metali laini yenye sumu, wakataka vya shaba tupu. Wengi walidhani ni kubadilisha kichwa tu. Lakini shaba ni nyepesi kuliko metali ile, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi. Urefu huo unaingia ndani ya ganda na kuibana baruti, kwa hiyo kipimo cha zamani hakifai, inabidi uanze tena chini. Tena shaba ni ngumu, inataka mwendo wa kasi ndipo ichanue ndani ya kifua na kumwangusha mnyama pale pale badala ya kumwacha atoroke na kidonda. Kwa bunduki ya Idi nilijaribu baruti kadhaa kabla sijapata moja ya taratibu iliyotulia.

Ilitulia kwa wakati wake. Shamba moja kubwa la msitu huko Wales lilikuwa linatafuta mtu wa kudumu wa kupunguza kulungu, kazi yenye nyumba yake, na meneja alitaka kuona kila mwombaji akilenga shabaha kwa vichwa vya shaba. Kwa Idi hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto yenyewe.

Juma lile nilikuwa hospitali ya Bordesley Green nikishughulikiwa macho, na mkuu wa karakana alimweka fundi wa muda chumbani mwangu, mtu mzima, mzoefu. Niliporudi, Idi alikuwa amesimama kaunta na boksi la risasi mkononi, koti limeshavaliwa. Nikapita ndani kuchukua miwani yangu. Kopo la baruti ya Idi lilikuwa kabatini, na karatasi iliyoziba mdomo wake haijachanwa.

Nikamwuliza fundi ametumia baruti gani.

"Ile niliyoikuta kwenye kipimio," alisema. Kipimio ni chupa ya mashine inayodondosha baruti. "Agizo la huyu bwana lilikuwa pembeni yake. Nikajua umemwandalia."

Sikuwa nimemwandalia. Mimi huondoka na kipimio kitupu, ila siku nilizokosekana chumba kilipita mikono mingine. Nikatoka nikamwambia Idi anipe boksi.

"Dada, plizi. Nina safari."

"Nipe."

Mkuu wa karakana akaja. Hakuwa mtu mbaya. "Kopo la zamani la baruti hiyo liliisha juzi," alisema. "Haya yatakuwa mabaki yake. Uwezekano mkubwa ni ileile."

"Uwezekano mkubwa si jina la baruti," nikasema.

"Na vichwa? Vya aina hiyo vimekwisha dukani."

Nilijua. Na kichwa cha shaba kikishang'olewa, ncha yake huumia, hakifai kwenda kuonyeshea shabaha. Idi alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku shangazi aliposimama mlangoni na mkoba wake, ila safari hii mimi ndiye niliyekuwa shangazi.

Nikazing'oa zote, moja moja, mbele yake. Baruti nikaimwaga kwenye udongo wa maua uani. Nikampa boksi la risasi za kiwandani, ambazo sote wawili tulijua bunduki yake inazitawanya. Akaenda nazo Wales, zikatawanyika, na kazi akapewa mwingine.

Baruti ile ilikuwa ipi, sijui hadi leo. Huenda mkuu alisema kweli. Idi alinitupia swali hilo mara moja tu: "Na kama ilikuwa ileile, Dada?" Baada ya hapo akaacha kuja nyumbani, msimu mzima wa baridi, na hata sikukuu ya mwisho wa Ramadhani alinitumia salamu kupitia kaka zake.

Nimestaafu sasa. Watu huniuliza kazi ile ilinipa nini, nami hukosa cha kuonyesha. Fundi viatu anaona viatu vyake vikipita barabarani. Kazi yangu ilikuwa jambo lisitokee, na jambo lisipotokea hakuna anayejua kama lilikuwa njiani.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Idi alipiga simu. Karakana ilikuwa imeacha kupakia, na yeye alitaka kujifunza mwenyewe, kwenye banda la nyuma ya nyumba yake. Nikaenda. Hatukuzungumza habari za Wales. Nilikaa kwenye kiti pembeni, naye akafanya kazi. Meza ilikuwa imefutwa. Kopo lilikuwa moja.

Katikati ya kazi kengele ya mlango ikalia, akatoka kupokea kifurushi. Aliporudi alisimama juu ya maganda yaliyopangwa kwenye kibao, mkono kwenye mashine, akiyatazama.

"Sikumbuki niliishia wapi," alisema.

Nilikuwa nimeona alipoishia. Nikamwacha aamue mwenyewe. Angeweza kumulika tochi ndani, angeweza kuniuliza. Akayachukua maganda yote, hata yale ya mwanzo ambayo hayakuwa na shaka, akayapindua moja moja, akatoka na baruti hiyo hadi kwenye tuta la mawaridi, akaimwaga. Akarudi, akachukua kitambaa, akafuta meza.

"Tena," nikamwambia.

Akafuta tena.