Kupunguziwa Mlima

Dada niliyekuwa naishi naye Guangzhou alikuwa anarudi Mwanza moja kwa moja. Miaka yote aliyoishi huku, China aliijua kwa maduka ya Zhanxi, kontena na joto, na kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja tu: ashike theluji kwa mkono wake, huko Tibet kwenye milima ya Himalaya. Nilimwambia barafu ipo hata kwenye friji letu. Hakucheka.

Basi tukapanga safari kwa namna pekee tuliyoijua, yaani tukaanza na mzigo. Mwenye duka pale Guangyuan Xilu alikataa kutuuzia makoti mawili. Ni duka la jumla. Ukitaka koti, chukua robota zima. Tukachukua robota. Makoti yote yalikuwa ya rangi ya chungwa, na dada akasema afadhali, tukipotea tutaonekana. Akavaa lake palepale ili mwili uzoee, akashika njia kwenye jua la Julai, wabeba mizigo wakisimamisha mikokoteni kumtazama. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Niliona aibu, nisiseme uongo.

Wakala wa safari alikuwa na ofisi ghorofani, bwana mpole mwenye miwani. Alituonyesha picha za milima, kisha akauliza habari za afya. Dada akataja presha yake, na dawa anazokunywa. Yule bwana akaweka picha kando. Kule juu hewa ni nyepesi, akasema, na mtu wa presha kama hiyo yeye hampeleki.

Dada akavuta kiti mbele.

"Laoban, tai gao," akamwambia. Bosi, mrefu mno. Kisha akanigeukia mimi: "Mlima gani huo usiopungua?"

Akachukua kalkuleta iliyokuwa mezani, akaandika urefu anaoutaka yeye, akamsogezea. Bwana akaitazama, akanitazama na mimi, akafuta, akaandika urefu wa mlima. Dada akafuta, akapandisha kidogo, akasema hapo ndio mwisho, tena tuko wawili na makoti tunayo. Mimi nilikuwa nimeinama nacheka. Halafu nikaona anabonyeza tarakimu moja moja, akiihakiki kila moja, nikajua hatanii.

"Bu xing," akasema yule bwana taratibu. Haiwezekani.

Dada akasimama. Mnunuzi yeyote wa huku anaijua hatua hiyo: unabeba mkoba wako, unaondoka kama hujali, na kabla hujafika mbali mwenye duka anakuita urudi muelewane. Tukaondoka. Tukapita mlangoni, tukashika korido, yeye mbele na koti lake, akipunguza mwendo kila hatua. Moyo uliniuma mpaka nikawa na hasira, sijui na nani. Karibu na lifti akasimama bila kugeuka, maana ukigeuka umeshindwa.

"Mdogo wangu, anaita?"

Nikatazama nyuma. Mlango wa ofisi ulikuwa umeshafungwa.

"Bado, dada," nikamwambia. "Twende polepole."