Rangi ya Chumba cha Dada

Shemeji yangu ni fundi rangi. Amepaka nyumba za watu mpaka bega likagoma, na chumba chake mwenyewe kikabaki saruji tupu. Dada hakuchoka kumwuliza, "Fundi, na sisi je?" Naye jibu lake lilikuwa lile lile: "Kesho, mama watoto." Mimi kesho zake zilishanifika hapa.

Kisha dada akaugua. Hospitali walipotuambia tumrudishe tu nyumbani, sote tulielewa, isipokuwa fundi. Alikuja na makopo mawili, akapaka viraka viwili ukutani, mkabala na kitanda. Kimoja rangi ya siagi, kingine rangi ya ngano. Mungu anisamehe, sikuona tofauti yoyote.

"Huoni?" dada alinishangaa. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini ulimi ule ule. "Ya siagi ina kiherehere. Ya ngano imetulia, ila jioni inafanana na shuka lililofuliwa ovyo."

Basi fundi akatia nyeupe kidogo kwenye ngano. Dada akakataa. Akatia kahawia kidogo kwenye siagi. Dada akamwuliza kama hayo macho aliwekewa ya pambo tu. Walishinda wakibishana, huku mimi namgeuza mgonjwa na kufua mashuka, nimefura kweli kweli. Siku moja nikamvuta shemeji uani.

"Chagua moja upake, yaishe. Mgonjwa hana muda huyu."

"Akibishana, bado yupo, shemeji," akanijibu. "Niache."

Nilinywea. Kumbe maskini ya Mungu alikuwa ameshikilia ubishi wa mke wake, hana kingine cha kushika.

Asubuhi iliyofuata akapaka tena viraka vyote viwili, akafungua pazia mwanga uingie.

"Haya, mama watoto. Siagi au ngano?"

Dada aliutazama ukuta, kidogo tu.

"Yoyote. Zote nzuri."

"Hebu tazama vizuri. Siagi si ulisema ina kiherehere?"

"Zote nzuri, baba watoto."

Dada yangu huyu, ambaye hata kitunguu cha sokoni alikigeuza mara tatu kisha akakirudisha. Fundi alibaki amesimama, brashi inamdondoshea rangi miguuni. Akanigeukia.

"Wapigie watoto simu," akaniambia. "Waje leo."