Mikono ya Siku ya Akdi

Siku ya akdi ya binti yangu niliamka nikaenda kuziba boti. Mke wangu alisema hiyo siyo kazi ya baba wa bibi harusi. Nikamwambia boti hiyo ndiyo itakayompeleka binti yetu Ras Kamboni kesho asubuhi, avuke mpaka hadi Kiunga, afike Mombasa nyumbani kwa mumewe, na ina ufa wa urefu wa mkono karibu na mkuku, ule uti wa chini. Akanitengea chai.

Nilikuwa nimemwahidi binti yangu jambo moja tu. Kwetu, baba anayeogopa kulia mbele ya watu humpa kadhi uwakili amwozeshee bintiye, na yeye hukaa pembeni akitazama mkeka. Binti yangu hakutaka hivyo. Alitaka nimshike mkono bwana harusi mimi mwenyewe, niyaseme maneno kwa kinywa changu. "Baba, usimpe mchu mwingine," aliniambia kwa lahaja yetu. Hakuwa mtoto wa kuomba omba, kwa hiyo nikasema sawa. Akdi ilipangwa msikitini, mara tu baada ya swala ya alasiri.

Kuziba boti ya faiba si kazi ngumu. Unasugua ufa kwa msasa, unakata kitambaa cha nyuzi za kioo, unachanganya gundi ya resini na hadna, ile dawa ya kuigandisha, unalowesha kitambaa na kukibandika. Ngumu ni kusafisha. Resini ikiwa bado majimaji, tambara kavu linatosha. Ikianza kuvutika kama ubani wa kutafuna, umeshachelewa. Brashi huingia kwanza kwenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kisha sabuni. Mikono haioshwi kwa thina, ingawa mafundi wote wa Kismayo huiosha hivyo, na mimi pia nikiwa na haraka. Mikono hufutwa, hupakwa mafuta ya nazi na sukari, husuguliwa, ndipo ije sabuni. Nimewafundisha watu haya kwa miaka mingi na kwa sauti ya juu.

Asubuhi ile nilipima hadna kwa kifuniko cha soda kama kawaida, nikaitia. Simu ikalia. Mke wangu aliuliza kanzu yangu iko wapi. Nikamwambia iko pale alipoiweka yeye. Nikarudi kwenye kopo langu, nikasahau nimeshaitia, nikatia hadna mara ya pili.

Kopo likapata moto, likaanza kutoa moshi. Ilikuwa resini ya mwisho niliyokuwa nayo, na glavu zangu zilikuwa zimechanika tangu juzi. Brashi niliyoanza nayo ingechukua muda. Nikachota kwa viganja nikapaka, nikakandamiza kitambaa kwa vidole kama mtu anayekanda unga, mpaka ufa wote ukafunikwa. Kisha nikasafisha brashi, kwa sababu brashi husafishwa kwanza. Thina ikaishia humo. Nilipoitazama mikono yangu ilikuwa imeshaganda. Vidole vilikunjika nusu tu.

Nilisubiri, nikakigonga kiraka kwa kifundo cha kidole. Kikalia kama kitu kizima. Nilikaa mchangani nikakitazama na sikufurahi. Kingekataa kushika, angebaki nasi siku mbili tatu zaidi, na hakuna ambaye angenilaumu. Sikutaka aende. Nilikuwa nimeziba vizuri mno.

Nyumbani binti yangu alikuwa ameketi mkekani, hina bado mbichi, mikono miwili juu hewani, amekatazwa kugusa kitu. Nikasimama mlangoni na yangu juu. Aliyekuwa akimpaka hina, mama mmoja wa kisiwa cha Kudha asiyependa mchezo, alitutazama wote wawili kwa zamu.

"Hina yake ikibanduka, yabaki rangi, na rangi haizuii maji," alisema. "Hiyo yako yazuia. Udhu utautia wapi?"

Akdi yenyewe haidai udhu, lakini baba asiyesali alasiri na wenzake, kisha akajitokeza kuozesha, ana mengi ya kueleza. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa ukumbini, akaja kuona. Akasema kwa upole, "Mpe kadhi uwakili. Wengi wafanya hivyo, si aibu." Binti yangu alinitazama tu, mikono yake bado ikiwa juu.

"Ndoo hapa," mama wa Kudha akaniita, akipigapiga mkeka.

Alinikalisha kando ya bibi harusi. Akaniloweka mikono kwenye beseni la maji moto na sabuni, akapasha mafuta ya nazi, akamwaga sukari ya chai yote iliyokuwemo nyumbani, akanisugua. Kila ganda lilipoinuka ukingo alilibandua kwa kijiti anachobandulia hina. Ilikuwa ni njia yangu ileile, ila mimi sijawahi kuwa upande wa kusuguliwa. Iliuma. Nikamwambia apunguze nguvu. Akaniuliza kama brashi zangu nazo hulalamika.

Tulikaa hivyo tangu adhuhuri, baba na binti, kila mmoja na mikono isiyo na kazi. Mara ya mwisho kukaa bega kwa bega muda wote huo alikuwa na surua. Aliniuliza kama kiraka kimeshika. Nikamwambia kimeshika. Akasema, "Najua." Mwisho akataka nimwoneshe vidole, akavikagua kumi vyote, kimoja kimoja, kama ninavyokagua brashi za watu. Kidole gumba cha kulia akakirudisha kwa mama wa Kudha, kwa sababu ya ukucha.

Nilitawadha, nikasali msikitini, safu ya kwanza. Kadhi akatukalisha uso kwa uso, mimi na bwana harusi, nikamshika mkono. Nikasema nimekuoza binti yangu. Akasema nimekubali. Sauti yangu haikukatika, jambo lililonishangaza.

"Basi, mzee," kadhi akasema.

Sikuachia.

"Basi, mzee. Yamekwisha."

Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba ni resini, fundi ameganda na mkwewe, na safu nzima ikacheka kwa adabu. Nami nikacheka nao. Mikono yangu ilikuwa safi mpaka kwenye kucha.