Ufa wa Sebuleni

Mafundi wenzake walimwita Mama Unyoya, kwa kuwa marumaru zake zote zilitokana na rangi, sifongo na unyoya wa kuku. Alipaka nyeupe, akaichafua kwa kijivu ingali mbichi, kisha akaburuta unyoya huku mkono ukitetemeka kwa makusudi, na ukuta wa kawaida ukaota mishipa ya jiwe la kitajiri. Wateja waliupapasa wasiamini.

Kaka yake, mwashi, ndiye aliyemkunjia pua. Alikuwa akijenga ukumbi wenye nguzo kumi na mbili, na Mama Unyoya alizitamani nguzo zile hadi usingizini.

"Mdogo wangu, hayo ni ya kudanganyia wapita njia," kaka alimwambia siku moja wakinywa chai. "Siku ukinidanganya mimi, nguzo zote zako."

Wifi yake aliyekuwa akimimina chai alisikia. Yeye na Mama Unyoya wakatazamana.

Wiki iliyofuata, kaka akiwa kazini, wifi alimfungulia mlango. Mama Unyoya akasimama mbele ya ukuta wa sebule, ule ambao kaka aliupiga plasta mwenyewe na hakuna mgeni aliyeondoka bila kuonyeshwa. Roho ilimsuta, lakini kidogo tu. Akachovya ncha ya unyoya, akashusha mstari mwembamba kutoka kona ya dirisha, akautia kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili.

Jioni kaka aliingia, akavua kiatu kimoja, cha pili kikabaki mguuni. Akausogelea ufa ukutani. Akalaumu mchanga, akamlaumu muuza saruji, hata mvua haikupona. Dada yake alikuwa kitini, kikombe mkononi. Wifi alitaka kusema "subiri", lakini kaka alikwishashika nyundo na tindo, maana ufa hauzibwi kabla ya kupanuliwa.

Alichimba kipande cha upana wa kiganja. Ndani plasta ilikuwa nzima, ngumu, haina hata mkwaruzo. Akapuliza vumbi, akatazama tena, masikio yakamwiva. Wifi akakimbilia jikoni kuchekea huko.

"Anza Jumatatu," kaka alisema hatimaye, bila kugeuka. "Zote kumi na mbili. Ila kwanza njoo uliondoe hili shimo."

"Shimo ni la kweli, kaka," alijibu Mama Unyoya, akijiongezea chai. "Hiyo ni kazi ya mwashi."