Nafasi ya Mjomba kwenye Orodha

Mjomba alikwisha kuzikwa, lakini simu yake ilikuwa bado inaitwa kazini. Kila zamu yake ilipofika na pampu ikagoma, programu ya ofisi ya maji ilipiga namba yake, na simu ikamlilia mjane sebuleni.

"Mwanangu," mkazamjomba alimwambia mpwa wa marehemu, fundi wa kompyuta wa ofisi hiyo, "mwacheni mwenzenu apumzike."

"Si uizime tu, mama?"

"Mkono unakataa."

Fundi akaona haya. Ni yeye aliyeiandika ile orodha. Programu ilikuwa ya Java, na faili yake ya mipangilio ilibeba mafundi wa zamu, kila mmoja kwa mistari miwili, jina na simu, kuanzia sifuri: mafundi[0], mafundi[1]. Mjomba alikuwa mafundi[2]. Wa mwisho, mafundi[3], alikuwa yeye mwenyewe, maana ofisi ilikuwa ndogo na kila fundi alishika zamu ya pampu. Alijipanga makusudi nyuma ya mjomba, kama alivyomfuata tangu utotoni.

Asubuhi akaifuta mistari ya mjomba, akawasha programu. Ikagoma. Akawasha tena. Ikagoma.

"Umemfukuza mzee, naye kafunga mlango," akatania Kipara, mwenzake wa ofisini. Kisha akainamia kioo, kicheko kikamkauka. "Umeacha pengo, bwana. Moja, halafu tatu? Hii hairuki shimo. Lazima mtu asogee."

Wa kusogea alikuwa mmoja tu.

Mjomba alidondoka kwenye ngazi ya chuma ya tangi la juu, akiitikia wito wa nafasi ileile. Lakini programu ikilala, hakuna wa kuzilinda pampu, na mji mzima utakauka. Akafuta tatu, akaandika mbili. Programu ikawaka bila neno, kana kwamba hakuna aliyekufa.

Alasiri pampu ya tangi la juu ikazima. Zamu ilikuwa ya mafundi[2]. Simu ikalia mfukoni mwake.

Alipofika chini ya ngazi, ikalia tena. Kwenye kioo: "Mjomba". Akapokea, maana kutopokea kulitisha zaidi.

"Ni mimi," akasema mkazamjomba. "Yangu haina chaji. Maji yamekatika na hii haikulia. Mmemwita nani?"

"Mimi, mama."

"Basi panda polepole. Mjomba wako alikuwa na haraka."

Fundi akakung'uta matope kwenye viatu, akaishika ngazi kwa mikono miwili. Huko juu chuma kikalia kidogo, kama kuna aliyetangulia.