Pambo la Kapu

Mimi, karani mstaafu wa reli ya Mombasa, niliyejiona najua kuishi na watu, nimejiaibisha hapa Akheri mbele ya familia nzima ya jirani.

Tangu tuhamie huku Tanganyika, jirani yetu Mzee Elifasi alikuwa akitusalimia kwa mbali tu. Nikakata shauri kwamba Jumapili ile, atake asitake, tutakuwa marafiki. Mke wangu, Mama Rehema, akakaanga mahamri. Nikaona kapu halina pambo, nikaenda kung'oa mimea ya majani marefu iliyojiotea kati ya shamba lake na kiwanja chetu, nikalizungushia kapu likapendeza kama la harusi.

Tulipofika kwake, mzee aliyatazama yale majani. Akamwita mkewe, akawaita na ndugu zake waliokuwa wametoka kanisani. Wote wakaketi. Moyoni nikasema, heshima iliyoje hii.

"Bwana Karani," akasema kwa upole, "huku kwetu anayeleta majani haya ya masale amekuja kuomba msamaha, na hakataliwi. Tumekusamehe. Sasa tuambie, umetukosea nini?"

"Sijakosa lolote, mzee," nikajibu haraka. "Haya ni pambo tu. Nimeyang'oa pale kwenye ule mstari, kati ya kwako na kwangu."

Hakuna aliyegusa hamri. Mama Rehema akajifunika uso kwa leso.

"Ameng'oa mpaka wa shamba aliouotesha baba," mzee akawaambia ndugu zake polepole, "na sisi tumeshamsamehe."